Asiyetaka Kupiga

Agosti 22, 2025, Kasarani, Madagaska waliitoa Harambee Stars CHAN: 1-1, kisha matuta 4-3. Kwa kibanda cha video hapa Lwakhakha tuliwatukana waliokosa. Mimi pia. Kesho yake wimbo ukageuka: mbona wengine hawakujitokeza?

Sasa mchezaji afanye nini? Akikosa ni takataka, akikataa ni mwoga.

Mwaka 2010, penalti ya Asamoah Gyan dhidi ya Uruguay iligonga mwamba dakika za mwisho kabisa. Akapiga ya kwanza kwenye matuta, akafunga. Ghana wakatoka, na tunakumbuka mwamba tu.

Anayesema “kocha, leo si mimi” anaijua miguu yake. Kukataa tumemfundisha sisi, tuliokaa kwa benchi tukitukana.