Anna May Wong, Mchezaji wa Picha za Bubu

Watu wengi wakimtaja Bibi Anna May Wong siku hizi humtaja kwa kumhurumia. Husema kwamba alikuwa mtoto wa Kichina katika nchi ya Wazungu, akanyimwa michezo iliyomstahili, na habari yake imekwisha hapo. Wengine humsifu kwa uzuri wa uso na mavazi yake. Maneno haya yote ni kweli, wala hakuna hata moja linalotuambia kama aliijua kazi yake au hakuijua. Mwenye kuhukumu useremala hayatazami machozi ya seremala, hutazama mlango kama wafunga. Nami nataka kumfanyia bibi huyu heshima hiyo hiyo.

Alizaliwa mjini Los Angeles, katika Marekani, tarehe 3 Januari 1905, na jina alilopewa na wazee wake ni Wong Liu Tsong. Baba yake alikuwa dobi. Tangu mwaka 1882 ilikuwako sheria katika nchi ile ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie, nayo haikufutwa mpaka 1943. Na katika jimbo la California, ambamo mji ule umo, Mzungu na Mchina hawakuwa na ruhusa ya kuoana mpaka mwaka 1948. Msomaji na ayashike haya mawili, yatamfaa mbele. Msichana yule alipenda senema kupita shule, jambo ambalo sisi walimu hatuwezi kulisifu, akaanza kwa kuwa mmoja wa umati wa watu katika picha ya The Red Lantern, mwaka 1919.

Mwaka 1922, akiwa na miaka 17 tu, alipewa mchezo mkubwa katika The Toll of the Sea, mojawapo ya picha za kwanza zilizotengenezwa kwa rangi za Technicolor, nazo wakati huo zilikuwa rangi mbili, nyekundu na kijani. Hadithi yake ni ile ya Madama Butterfly, iliyotolewa Japani ikapelekwa Uchina. Msichana Lotus Flower amwona Mmarekani akielea baharini, amwokoa, ampenda, naye mtu yule aenda zake kwao akarudi na mke wa Kizungu. Mwisho mama ampa mgeni mtoto wake, kisha aelekea baharini asirudi tena.

Kisa hiki ni dhaifu, wala sioni haya kukisema hivyo. Mwanamke hana kazi ila kupenda, kuachwa na kufa, ili watazamaji wapate kulia kidogo na kurudi nyumbani bila kuulizwa neno. Lakini mchezaji hakukubali kuwa dhaifu kama kisa chake. Pana mahali ambapo Lotus Flower, akitumaini kusafiri na mumewe, ajivika nguo za Kizungu za mtindo uliokwisha zamani. Mchezaji mwingine angalitafuta kicheko hapo. Yeye azivaa kwa fahari kamili, kama mtu asiyejua kuna la kuchekwa, na mtazamaji aliyeanza kucheka aona aibu. Na mahali pale anapomwambia mwanawe kwamba yeye si mama yake, ni yaya tu, uso umetulia na machozi yashuka yenyewe. Kumbukeni kwamba katika picha za bubu wachezaji wengi, kwa kuwa hawakuwa na sauti, walirusha mikono na kukodoa macho hata mtu angedhani nyumba inawaka moto. Msichana wa miaka 17 alikwisha kujua kwamba uso uliotulia hutazamwa zaidi.

Baada ya hapo ungedhani milango ingefunguka. Mwaka 1924 aliingia katika The Thief of Bagdad pamoja na Douglas Fairbanks, naye akafanywa mtumwa mwenye hila. Mwaka 1927, katika Mr. Wu, kisa cha Kichina, baba alichezwa na Lon Chaney na binti akachezwa na Renée Adorée, Mfaransa, nyuso zao zimepakwa rangi zifanane na za Wachina. Mchina wa kweli akawekwa kando awe rafiki wa binti. Ndipo mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Ulaya. Huko Berlin alicheza Song, ambamo pia anakufa, na mwaka 1929 akacheza London katika Piccadilly, picha iliyoandikwa na Arnold Bennett na kuongozwa na E. A. Dupont. Hiyo ndiyo kazi yake iliyo bora.

Katika Piccadilly yeye ni Shosho, muosha vyombo katika hoteli kubwa ya dansi. Mgeni mmoja alalamika kwa kuletewa sahani chafu. Bwana mwenye hoteli, Wilmot, ashuka jikoni kutafuta kosa, amkuta Shosho amesimama juu ya meza akicheza dansi, na wenzake wameacha kazi wanamtazama. Soksi yake imechanika. Hachezi kwa nguvu, asogeza nyonga na mikono polepole tu, lakini jiko zima limekuwa lake. Afukuzwa kazi, na baadaye bwana yule yule amwita acheze mbele ya wageni, kwa kuwa biashara yake imepungua.

Hapo yafaa tutazame vizuri. Shosho haombi. Ataka vazi alichague mwenyewe katika duka la Limehouse, ataka kijana wake Jim ampigie muziki, na bei aipatana kama mfanya biashara. Anapotia sahihi mkataba aandika kwa herufi za Kichina, na herufi hizo si za jina la Shosho, ni za jina lake mwenyewe, Wong Liu Tsong. Watazamaji wengi wa London hawakuweza kulisoma. Yeye aliliandika.

Baadaye Shosho na Wilmot waenda katika kilabu cha pombe, nao waona mtu mweusi akifukuzwa kwa sababu amecheza dansi na mwanamke wa Kizungu. Wala hawasemezani juu yake. Mtazamaji ajua wameelewa. Na wawili hao wanapokaribiana usiku, midomo haijakutana, picha yakatwa. Asubuhi Shosho amekwisha kuuawa. Waliotengeneza picha walithubutu kuonyesha ubaya wa desturi ile, kisha wakaitii.

Si kila kazi yake ni njema. Sauti ilipoingia katika senema, utulivu wake mara nyingine uligeuka kuwa ubaridi; katika Daughter of the Dragon ya 1931 asema maneno kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Lakini Shanghai Express ya 1932 yaonyesha kwamba kosa halikuwa lake peke yake. Alipopata mwongozi mwema, Josef von Sternberg, akakaa kimya kando ya Marlene Dietrich, nawe huwezi kumwacha kwa macho.

Picha ya The Good Earth ilipotengenezwa, hadithi ya wakulima wa Uchina, mchezo wa mke alipewa Luise Rainer, aliyezaliwa Ujerumani, naye akapata tuzo kubwa ya mwaka 1937. Bibi Wong alitakiwa aonyeshe kama angefaa kuwa Lotus, yule mwanamke anayeiharibu nyumba. Alikataa. Mwaka 1936 akasafiri Uchina, na huko wako waliomlaumu kwamba ameitia taifa lao aibu kwa kucheza watumwa na makahaba. Lawama hiyo siidharau, kwa maana picha hutembea mbali kuliko maelezo, na aliyeiona picha hakuuona mkataba. Hata hivyo waliomlaumu walihesabu visa tu. Kama wangaliutazama uso wake katika visa vile, nadhani wangalimwona mtu anayebishana na hadithi aliyotiwa ndani yake.

Mwaka 1951 alikuwa mkuu katika mfululizo wa televisheni ulioitwa kwa jina lake la Kichina, The Gallery of Madame Liu-Tsong, nao haukuhifadhiwa. Alifariki tarehe 3 Februari 1961. The Toll of the Sea ilitengenezwa upya mwaka 1985, lakini sehemu ya mwisho ilikuwa imepotea. Watengenezaji walichukua kamera ya zamani ya rangi mbili, wakapiga picha ya bahari wakati wa jioni, wakaiweka mahali pa kifo cha Lotus Flower. Basi mtazamaji wa leo hamwoni akifa. Aona maji tu.