Kweri Nzuri Hutaja Skima Yake

Anayenunua kiwanja Msalato, hapa Dodoma, hakubali hati inayosema "Kiwanja Na. 40" na kuishia hapo. Anataka kitalu, anataka na eneo, kwa sababu namba 40 inaweza kuwapo katika vitalu kadhaa. Jedwali kwenye kanzidata ni vivyo hivyo, na ndiyo maana nikipewa kweri ya SQL kuikagua, siangalii kwanza ujanja wa hesabu wala urefu wa JOIN. Naangalia neno linalofuata FROM.

Chukua mfano huu: SELECT namba, kitalu FROM viwanja. Aliyeiandika anapata majibu. Mwenzake wa meza ya pili akiiendesha kwa akaunti yake, anaambiwa jedwali halipo. PostgreSQL itampa msimbo 42P01, Oracle itasema ORA-00942, SQL Server namba 208, MySQL 1146. Wengi hapo hukimbilia kuunda jedwali upya, na huko ndiko data huanza kuwa na nakala mbili zisizolingana. Jedwali lipo, ila limo ndani ya skima, ambayo ndiyo kitalu chake, iitwayo ardhi. PostgreSQL ikipewa jina tupu hupita kwenye orodha ya search_path, ambayo isipobadilishwa ina skima yenye jina la mtumiaji, kisha public, basi. Ukiandika FROM ardhi.viwanja, utafutaji umekwisha.

Kutaja skima kuna faida nyingine ambayo wanafunzi wengi hawajaonyeshwa. Tuseme ardhi imo kwenye search_path, lakini akaunti haina ruhusa ya USAGE juu yake. Kwa jina tupu, PostgreSQL huiruka skima hiyo kimyakimya na kudai jedwali halipo. Kwa jina kamili, inasema ukweli: huna ruhusa kwenye skima ardhi. Jibu la pili linakupeleka moja kwa moja kwa msimamizi wa kanzidata, la kwanza linakupotezea mchana mzima. Oracle haikufanyii hisani hiyo. ORA-00942 hutolewa pia pale jedwali lilipo lakini hujaruhusiwa kulisoma, kwa hiyo ukishataja mmiliki wake, ambaye kwa Oracle ndiye skima, na hitilafu ikabaki, uliza habari ya ruhusa.

Hata hivyo, kweri inayogoma siyo mbaya kuliko zote. Inayonitisha ni ile inayokubali. Kama kuna majaribio.viwanja, na skima majaribio imetangulia kwenye orodha, jina tupu litaleta safu za majaribio bila onyo lolote, na ripoti itachapwa, itasainiwa, itapelekwa kwa mkubwa. Hapa Dodoma, ambako ofisi nyingi za serikali sasa zinaendesha mifumo yao, kosa la namna hiyo linamgusa mwananchi mwenye hati mkononi.

Kagua pia alama za nukuu. Mtu aliyeunda jedwali kwa jina "Viwanja" ndani ya nukuu ameifunga herufi kubwa humo. PostgreSQL hushusha majina yasiyo na nukuu kuwa herufi ndogo, Oracle huyapandisha kuwa kubwa, kwa hiyo itabidi uandike ardhi."Viwanja" kila mara. Na anayeandika "ardhi.viwanja" yote ndani ya jozi moja ya nukuu ameomba jedwali ambalo nukta ni sehemu ya jina lake. Hatalipata.

Wapo wanaotibu kwa SET search_path. Kwa mtu aliyekaa kwenye kibodi akichunguza data, sawa. Ndani ya programu au ripoti, hapana. Mwaka 2018 PostgreSQL ilirekebisha udhaifu wa kiusalama uliotokana na orodha hiyo, na pg_dump, zana yake ya kuchukua nakala za akiba, ikaanza kuiacha tupu. Funksheni zilizotegemea majina mafupi zikaanza kukwama wakati wa kurejesha nakala za akiba. Zilizotaja skima hazikuguswa.

Kuzidisha nako ni kasoro. Kwenye SQL Server, anayeongeza jina la kanzidata mbele ya skima ya dbo amefunga kazi yake kwenye kanzidata moja, na siku ya kuihamishia kwenye kanzidata ya majaribio yenye jina jingine itavunjika. Kwenye MySQL skima na kanzidata ni kitu kimoja, kwa hiyo taja jina hilo tu unapovuka kutoka kanzidata moja kwenda nyingine. Jina kamili liandikwe mara moja kwenye FROM, kisha jina fupi la badala, tuseme v, lifanye kazi iliyobaki.

Ukiwa hujui jedwali liko wapi, usibahatishe. Kwenye PostgreSQL, uliza: SELECT schemaname FROM pg_catalog.pg_tables WHERE tablename = 'viwanja'. Zikirudi skima mbili, muulize mwenye data ni ipi kabla ya kuandika neno jingine.

Na kabla ya kuipokea kazi ya mtu, iendeshe kwa akaunti isiyo yake, yenye ruhusa zinazostahili tu. Ikileta majibu yaleyale, ipokee. Ikidai jedwali halipo, mrudishie aandike skima.