Mkono wa Mkamuaji

Maziwa mazuri huanza ng'ombe akiwa ametulia. Mkono mpole ukigusa kiwele, au ndama akianza kunyonya, ubongo wa ng'ombe huachilia homoni ya oksitosini na maziwa hushuka. Nguvu ya homoni hiyo hudumu dakika chache tu. Fimbo na makelele huleta hofu, hofu huzuia maziwa, na yale yanayobaki kiweleni huwa malisho ya vijidudu.

Wasukuma walilijua hilo zamani. Zebu wao mwenye nundu kwa kawaida hakamuliwi mpaka ndama amnyonye kwanza. Ng'ombe chotara, kama mitamba ya shamba la Serikali la Mabuki wilayani Misungwi, hutoa maziwa mengi zaidi lakini joto humwelemea upesi, na asipoogeshwa dhidi ya kupe huweza kuuawa na ndigana kali. Huyo anadai banda lenye kivuli na sakafu kavu.

Anadai pia maji, maana takribani asilimia 87 ya maziwa ni maji. Kumswaga kila siku hadi ziwani ni kumchosha bure, na majani ya kinamasi yenye konokono humwambukiza minyoo ya ini. Afadhali maji yamfuate bandani. Kiangazi huokolewa na ngitili, malisho yanayofungwa tangu masika, na mashudu ya pamba, ambayo Usukumani si haba.

Ufundi wenyewe uko vidoleni. Mkamuaji hodari hunawa, huosha chuchu kwa maji ya vuguvugu na kuzikausha kwa kitambaa safi. Michirizi ya kwanza huikamulia kwenye kikombe cheusi. Yakionekana mabonge, ng'ombe huyo hukamuliwa wa mwisho na maziwa yake hayachanganywi na mengine. Kidole gumba na cha shahada huibana chuchu juu, vingine hufuata kimoja kimoja hadi chini. Kuvuta chuchu, ingawa wengi wamezoea hivyo, ni kumwumiza mnyama. Ndoo hulia mwanzoni, kisha povu hupanda na mlio huzama. Ng'ombe naye anacheua, macho nusu yamefumba. Hakuna cheti cha ustadi kinachozidi hicho.

Kazi haiishii hapo. Ng'ombe huwekewa majani ili abaki amesimama kama nusu saa, kwa kuwa tundu la chuchu bado liko wazi, na akilala topeni vijidudu hupenya.