Fundi wa Miinuko

Mtu aliyetoka safari ndefu ya baiskeli atakusimulia mapaja yake, pancha zake na mvua iliyomnyeshea. Aliyeipanga njia hamtaji. Na mara nyingi huyo ndiye aliyefanya kazi kubwa: alikaa na ramani, akaamua mto ufuatwe mpaka wapi, mlima upandwe saa ngapi, na mchana wa jua kali uwakutie wasafiri penye kivuli gani. Akipatia, kila mpanda baiskeli hujisifu kuwa ana miguu imara. Akikosea, jina lake halikosi kutajwa.

Fundi huyu utamtambua kwa anavyosoma mwinuko. Wengi wetu tulifundishwa usomaji wa ramani sekondari, ramani zile za 1:50,000 zenye kontua za kahawia, tukakariri tufaulu mtihani, kisha tukaachana nazo. Yeye hakuachana nazo. Kontua zikipishana mita 20, na barabara ikitembea sentimita moja kabla ya kuukata mstari unaofuata, anajua kuwa ardhini hiyo ni nusu kilomita. Ni mwinuko wa asilimia nne. Mwenye mzigo kwenye keria ataupanda huku anapiga soga. Nafasi ikibaki milimita nne, ni asilimia kumi, na soga zimekwisha. Ikibaki milimita mbili ni asilimia ishirini, watu wanashuka na kukokota. Nimewaona wanaopima hayo yote kwa ukucha wa kidole gumba, unatembezwa juu ya karatasi taratibu, mara unasimama, halafu kichwa kinatikiswa: hapana, huku hatupiti.

Programu za simu siku hizi zinakuchorea njia kufumba na kufumbua, na mchoro wa milima juu yake. Sizidharau, nazitumia. Ila haziulizi kama umekula, wala hazitofautishi kilima cha saa moja asubuhi na kilima hichohicho saa tisa alasiri, wakati miguu imeshatoa ilichokuwa nacho.

Na fundi hodari havumbui njia. Anatafuta iliyokwisha kutolewa jasho na wengine. Njia ya baiskeli ya Mto Danube, kutoka Passau nchini Ujerumani hadi Vienna, Austria, ni zaidi ya kilomita 300, na katika safari yote hiyo mto unashuka kwa mita zisizofika 150. Ulaini huo una wenyewe. Kabla ya injini, mashua zinazoteremka zilibebwa na maji. Zinazopanda zilivutwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni. Farasi anayevuta shehena dhidi ya mkondo hana nguvu ya ziada ya kupandia kilima, kwa hiyo njia yake ililazimika kulala kando ya maji na kuzunguka kila pua ya mlima. Meli za mvuke zilipoingia karne ya 19, farasi wakakosa kazi, lakini vijia vyao vilibaki, na sehemu kubwa ya anasa wanayoifurahia wapanda baiskeli leo ni jasho la wanyama wale. Nchini Uingereza kazi hiyo ilifanywa na reli: garimoshi la mvuke lilikuwa mvivu wa milima kama farasi, na reli iliyokufa kati ya Bristol na Bath imegeuzwa njia ya baiskeli ambayo hata bibi wa miaka sabini anaimudu.

Sasa, mto una hila yake. Ukiufuata siku nzima, kesho, na keshokutwa, macho yanalala. Maji kulia, miti kushoto, miji inapita kama vituo vya basi. Hapa ndipo namwona fundi wa kweli: anajua mahali pa kuusaliti mto. Kabla ya kufika Melk, juu ya kijiji cha Marbach, kuna kanisa la mahujaji la Maria Taferl, zaidi ya mita 200 juu ya maji. Wengi hupita chini wakaliangalia kwa mbali na kuendelea zao. Anayekupandisha kule, ukafika jasho linakuingia machoni, amekupa kitu ambacho ukingo wa mto hauwezi kukupa: unauona mto wenyewe, mzima, na unaelewa ulikotoka na unakokwenda. Kisha anakuteremsha.

Na baada ya Melk anakuacha upumzike, maana kuanzia hapo mpaka Krems ni bonde la Wachau, mizabibu kwenye matuta ya kuta za mawe na miti ya aprikoti, na mwenye akili hamharakishi mtu mahali kama hapo. Pale Spitz kuna pantoni isiyo na injini. Waya mnene umetandazwa juu ya mto kutoka ng'ambo hii hadi ile, na chombo kimefungwa kwenye waya huo kwa kamba. Nahodha anazungusha usukani, chombo kinakaa mshazari, mkondo unakigonga ubavuni, nacho kwa kuwa hakiwezi kuteremka kinasukumwa upande, polepole, mpaka Arnsdorf. Ningekuwa mpanga njia ningewavusha watu pale hata kama hawana haja ya kuvuka.

Uhuru wa kuacha mto uliletwa na gia. Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyejulikana kwa jina la Vélocio na kuanzisha jarida la Le Cycliste mwaka 1887, alizipigania gia wakati wengi waliziona ni mkongojo wa wazembe. Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, alikuwa mmoja wao. Mitambo ya kubadilishia gia haikuruhusiwa katika mashindano hayo hadi 1937. Mwanariadha anaweza kuvumilia ushupavu wa namna hiyo. Mtalii mwenye hema na sufuria hawezi, na bila gia ndogo mpanga njia angebaki mfungwa wa mabonde.

Kwetu Tanzania, kazi ya kupigiwa mfano ni barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto karibu 1,400, na kati yao ni takribani kilomita 33. Gawanya: wastani wa asilimia tatu tu, katika milima ambayo ukiitazama kutoka tambarare unadhani ni ukuta. Wajerumani wa enzi ya ukoloni, waliotaka kuifikia Lushoto, mji walioupa jina Wilhelmstal, waliifuata njia ya maji. Barabara inaambaa na korongo, mwamba upande mmoja, bonde upande wa pili, mpaka Soni kwenye maporomoko, ndipo inapoendelea kupanda kati ya bustani za mboga. Ni mto na mlima katika barabara moja.

Mbele ya Lushoto, kuelekea Mtae ukingoni mwa milima, ramani peke yake haitoshi. Huko lazima uulize, na kuuliza nako kuna ufundi. Ukiuliza kama ni mbali utajibiwa, "Hapana, ni hapo tu." Ukiuliza kama kuna mlima utaambiwa ni kijilima kidogo. Mimi humtafuta mtu mzima anayebeba mzigo kwa baiskeli, ndizi au mkaa, nikamwamkia shikamoo, kisha namuuliza swali moja: "Ukiwa na mzigo, mzee, unashuka wapi ukaanza kukokota?" Hapo jibu huja na kila kitu: kona ya mwembe, kwenye shule, kisha penye bomba la maji, halafu tena baada ya msikiti. Hakuna kontua inayosema hivyo.

Kilichobaki ni mwelekeo, nao wapangaji wengi huusahau. Njia ya kwenda si njia ya kurudi. Wengi huiendesha Danube kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa kuwa mto unaelekea huko na upepo wa kawaida pia, na wanarudi kwa treni. Mombo mimi ningeianza alfajiri, kabla jua halijaingia korongoni, na Lushoto ningelala, kwa baridi yake na kwa chakula. Kuteremka kunataka breki mpya na kusimama mara kwa mara rimu zipoe, tena mabasi hayakuachii kona. Asiyetaka, apande basi na baiskeli ipakiwe juu. Konda atadai nauli ya baiskeli kama ya abiria, mtapatana, na fedha hiyo ihesabiwe tangu siku ya kuchora ramani.