Jackie Ormes: Mtoto Anasema, Dada Kanyamaza

Kuanzia 1945 hadi 1956, Jackie Ormes, mchora katuni Mmarekani mweusi, alichora wawili kwenye Pittsburgh Courier: Patty-Jo, kitoto chenye mdomo, na dada yake Ginger, mrembo asiyetamka neno. Wapo wanaomwona Ginger pambo tu. Mimi nakataa. Mwaka 1955 Emmett Till, kijana wa miaka 14, aliuawa Mississippi kwa madai ya kumpigia mluzi mwanamke mzungu. Muda si mrefu Patty-Jo akamlalamikia dada yake: kibirika cheupe kimempigia mluzi! Ginger, kama kawaida, kimya. Cheko linakukwama kooni. Mtoto husamehewa ukweli. Mtu mzima huulipia. Ormes alilijua hilo: FBI walikuwa na faili lake.