Giaboksi Hailazimishwi

Corolla iliyoanza kutengenezwa mwaka 1979, ambayo wengi wetu tumeizoea kwa jina la DX, ndiyo saluni ya mwisho ya ukoo huo kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Injini imelala kwa urefu, giaboksi imeshikana nayo kwa nyuma, kisha propela shafti inaendelea hadi kwenye difu. Kwa mpangilio huo, fundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam, au wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, analala chali juu ya boksi lililokunjuliwa na kuishusha giaboksi kwa jeki na mikono yake.

Kushusha si sehemu ngumu. Anachomoa waya wa betri, anamwaga oili, anatoa mkono wa gia kutokea ndani ya gari. Propela haifungui kabla ya kuichora alama pale inapokutana na difu, kwa sababu ikirudishwa kinyume gari linaweza kuanza kutetemeka. Injini anaikinga kwa jeki na kipande cha ubao. Ikinyang'anywa giaboksi bila kushikiliwa, nyuma yake huinama.

Heshima yangu kwa fundi mzuri huanzia hapa, wakati ambapo mwenye gari anadhani nusu ya kazi imekwisha. Giaboksi ya kubadilishia, ambayo mara nyingi ni ya mtumba, hajaipandisha bado. Anaizungusha shafti yake ya mbele kwa vidole, gia moja baada ya nyingine, huku amekaza sikio. Anamwaga oili yake ya zamani kwenye karai na kuitazama juani. Vumbi la rangi ya shaba linamwambia kwamba ringi zinazosawazisha mwendo wa gia zimelika. Ringi hizo ni jamaa wa ule utaratibu ulioingizwa kwenye magari ya Cadillac mwaka 1928. Kabla yake dereva alilazimika kusawazisha mwendo huo mwenyewe, kwa klachi na mguu wa mafuta. Vipande vya chuma kwenye karai ni habari mbaya zaidi, na giaboksi hiyo inarudi dukani ilikotoka.

Kisha anageukia injini. Je, flaiwili ina madoa ya bluu ya kuungua? Sili ya nyuma ya krenki inavuja? Bushi ndogo iliyo katikati ya ncha ya nyuma ya krenki imelegea? Kuyapuuza hayo leo ni kuishusha giaboksi upya kesho, kwa gharama ileile.

Klachi pleti anaifunga kwa kuipitishia shafti kuukuu ya giaboksi iliyokufa, ili ikae katikati kabisa. Boliti za presha pleti anazikaza kidogo kidogo, kwa kukingamisha, asiipinde.

Sasa inapanda. Meno ya shafti lazima yaingie kwenye meno ya pleti, na ncha yake iingie kwenye bushi, vyote gizani, uzito wa chuma ukimwelemea kifuani. Hapa fundi mchanga hushawishika kuingiza boliti ndefu na kuivuta giaboksi kwa spana. Matokeo yake ni pleti iliyopinda kitovu, au sikio la alumini lililokatika. Fundi niliyemtazama hakufanya hivyo hata kidogo. Aliweka gia ya nne, akauzungusha mkia wa giaboksi nusu inchi, akainua jeki kidogo, akasukuma, akaacha. Akarudia, bila kutukana wala kuharakishwa na mtu, hata ikateleza yenyewe na kugusa injini pande zote. Ndipo alipoomba boliti. Mimi naamini ufundi wote wa kazi hii umo katika kungoja huko.

Oili aliyotaka ni ya daraja la GL-4, kwa kuwa baadhi ya zile za GL-5 zina dawa inayoweza kudhuru ringi za shaba. Gari likiwa limekaa sawa, aliijaza mpaka ikaanza kutiririka kwenye tundu la kujazia. Akawasha, gia ikiwa huru. Kelele inayoanza klachi ikikanyagwa hutoka kwenye bearingi ya klachi. Inayoanza ikiachiwa hutoka kwenye bearingi ya shafti ya mbele. Hakukuwa na yoyote. Akataja malipo yake, na kwa kazi niliyoiona, yalikuwa madogo mno.