Jina la Ukoo kama Sheria ya Urithi katika Riwaya za George R. R. Martin

Uhakiki wa riwaya za fantasia aghalabu huyachukulia majina ya wahusika kuwa mapambo tu ya fani. Mtazamo huo haujitoshelezi unapoelekezwa kwa A Game of Thrones (1996) ya George R. R. Martin. Katika Westeros, mtoto wa nje ya ndoa anayetambuliwa na mzazi kabaila hapewi jina la ukoo, bali la jimbo: Snow, yaani theluji, huko Kaskazini, Sand, yaani mchanga, huko Dorne. Jina hilo lina sura mbili. Humnyima mwenyewe urithi na papo hapo hutangaza damu yake ya kikabaila, kwani wavujajasho hawana jina la ukoo hata kidogo.

Kwa msingi huu, hatua ya Jon Snow ya kujiunga na walinzi wa Ukuta haielezeki kwa ushujaa pekee. Walinzi huapa kutooa wala kumiliki ardhi. Jon anaingia mahali ambapo wote wamekatazwa kile ambacho yeye alikwisha kunyimwa na jina. Stannis anapomwahidi jina la Stark pamoja na ngome ya Winterfell katika A Storm of Swords (2000), inadhihirika kuwa jina na ardhi ni kitu kimoja. Davos, maskini aliyeishi kwa biashara ya magendo, anathibitisha hayo: jina la Seaworth alilipata alipotunukiwa cheo na ardhi.

Hata hivyo, riwaya hizi husimuliwa zaidi kwa macho ya makabaila. Asiye na jina huonekana. Ni nadra kusikika.